Bima ya afya haijui mbalamwezi

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipoahidi, akifungua kampeni Agosti 2025, kwamba Bima ya Afya kwa Wote itaanza kwa majaribio ndani ya siku 100 za mwanzo za muhula mpya, mabishano hapa Mwanza yamekuwa ya pande mbili. Wapo wanaosema matibabu sasa ni bure. Wapo wanaosema ni kodi nyingine imepitishiwa mlango wa uani. Kwenye daladala za Buhongwa na kwenye vijiwe vya kahawa vya Kirumba swali ni moja tu: shilingi ngapi? Kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombea fito wakati nguzo zenyewe hazijachimbiwa. Bima hii haitakufa kwa sababu ya bei, wala kushusha bei peke yake hakutaiokoa. Itasimama au kuanguka kwenye kalenda: fedha inatoka lini mfukoni mwa mwananchi, inafika lini kwenye akaunti ya zahanati, na orodha ya wasio na uwezo inapitiwa upya lini. Haya ni mambo ya makarani na mafaili, hayakatiwi utepe, na huenda ndiyo maana hayasemwi majukwaani.

Turudi nyuma kidogo, maana kumbukumbu zetu ni fupi. Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za umma ulianza 1993, baada ya miaka mingi ya kutibiwa bila kulipa. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulijaribiwa Igunga 1996 na kupata sheria yake 2001, mwaka uleule ambao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi kwa sheria ya 1999 ukihudumia watumishi wa umma. Kuanzia 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa: kaya ya watu wasiozidi sita ilikuwa ikilipa 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi, Mwanza ikiwemo. Pamoja na yote hayo, muswada wa bima kwa wote ulipoingia bungeni Septemba 2022, takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya aina yoyote. Muswada ule ukazua kelele, hasa pale ulipotaka kufungamanisha bima na huduma kama leseni ya udereva na leseni ya biashara. Ukarudishwa jikoni, na ulipopitishwa Novemba 2023 Waziri wa Afya alikuwa Ummy Mwalimu. Leo wizara imeshapita mikononi mwa mawaziri wengine, lakini maswali ya msingi yamebaki yaleyale.

Sasa chukua hoja ya bei na uipime kwa hesabu ya kawaida. Elfu thelathini kwa watu sita ni elfu tano kwa kichwa kwa mwaka, yaani shilingi mia nne na kitu kwa mwezi, ambayo hainunui hata soda. Kama bei ndiyo kikwazo, CHF ingekuwa imejaa hadi inamwagika. Haikujaa. Upande wa pili kulikuwa na Toto Afya Kadi ya NHIF, 50,400 kwa mtoto mmoja, ghali kuliko kadi ya CHF ya nyumba nzima, na wazazi waliikimbilia kiasi kwamba usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa Machi 2023 kilio kilisikika nchi nzima. Najua jibu la wataalamu: waliokimbilia ni wenye watoto wagonjwa, na mfuko wa bima unaojaza wagonjwa watupu hauwezi kudumu. Ni kweli, na ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa wanaotaka bima iwe ya lazima. Lakini jambo jingine nalo ni kweli. Mzazi alilipa zaidi mahali ambapo kadi ilimpa alichoahidiwa, na akaiacha ya bei rahisi iliyompa karatasi ya kwenda kununua dawa nje.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi kwenye semina, ni kwamba wananchi hawana elimu ya bima. Huwa nasikia kauli hii nikijiuliza kama anayeitoa amewahi kuzika mtu Usukumani. Huku kuna ifogong'ho, vikundi ambavyo watu wamechangiana kwa miaka na miaka ili msiba ukimfika mmoja wao asihangaike na sanda, chakula wala maturubai. Kuna VICOBA vyenye mfuko wa jamii ambao haukopeshwi, unasubiri ugonjwa au kifo. Kina mama wa sokoni wana upatu na wanajua kwa jina nani amepokea na nani bado. Watu hawa wanaelewa vizuri kabisa kulipia janga ambalo halijatokea, na kwamba huenda wakachangia miaka kumi bila kugusa senti. Wanachoelewa pia, na hapo ndipo semina inapoishiwa maneno, ni kwamba kikundi chao hulipa siku ileile ya msiba na kwamba anayekusanya wanajua nyumba yake. Hili haliponywi na vipeperushi.

Nije kwenye kalenda ya kwanza, ya mlipaji. Mtumishi wa umma anachangia NHIF asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake asilimia 3, kila mwezi, kabla mshahara haujaonja benki. Mwalimu wa mshahara wa, tuseme, 800,000 anakuwa amechangiwa jumla ya 576,000 kwa mwaka. Hebu mwambie mwalimu huyo azitoe zote kwa mkupuo mwezi Januari, juu ya ada na sare za shule, uone kama hutaambiwa kwamba walimu nao hawana elimu ya bima. Anaweza kulipa kwa sababu utaratibu umefuata mdundo wa kipato chake. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu takriban milioni 3.7 kwenye sensa ya 2022, na wengi wao hawana mshahara wa kukatwa. Wana pamba, mpunga, bodaboda, genge, na wana ziwa.

Ziwa lina kalenda yake na haifanani na ya Hazina. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, na pesa kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, inakauka kwa wiki moja au zaidi. Hapo tajiri mwenye mtumbwi anatengeneza injini, wavuvi wanakula kwa mkopo dukani, na kina mama wanaoanika kwenye chanja na mchangani wanakung'uta nyavu kuukuu za kuanikia wakisubiri. Giza likirudi, pesa inarudi na madeni yanalipwa. Mwaka jana, kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, nilimkuta mama mmoja mwanikaji ambaye kadi yake ya CHF ilikuwa imeisha siku tatu kabla mjukuu wake hajashikwa na homa. Ilikuwa katikati ya mbalamwezi. Nilimuuliza kwa nini hakuihuisha. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto, kwamba elfu thelathini anaipata mara kumi kwa mwaka ila si wiki hii. Ndoo zake tupu zilikuwa zimepangwa nyuma yake, zimepinduliwa midomo chini.

Sina haja ya kumpamba mama yule awe hoja ya kitaalamu. Alikuwa amechoka na alitaka niondoke kwenye kivuli chake. Lakini jibu lake limesema ambacho nyaraka za bima hazisemi. Uwezo wa kulipa si kiasi, ni kiasi na siku. Wenzetu ng'ambo ya ziwa wamejifunza hili kwa gharama. Kenya ilipoanza kutumia mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, Oktoba 2024, watu wasio na ajira rasmi walitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Walijisajili kwa mamilioni, lakini kujisajili na kuchangia ni vitu viwili tofauti, na ndani ya miezi michache serikali ikalazimika kuja na mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili watu wakope mchango na kuulipa kidogo kidogo. Dawa ilikuja baada ya ugonjwa. Hatuna sababu ya kuurudia mtihani ambao jirani ameshauandika na majibu tunayaona.

Ingewezekana vipi huku? Kila ndoo ya dagaa inayotoka mwaloni hulipiwa ushuru wa halmashauri, na mkusanyaji anayo mashine ya POS mkononi. Mtambo wa kupokea fedha kwa vipande vidogo, siku ambayo fedha ipo, tayari upo na umelipiwa. Kuuongezea sehemu ya mchango wa bima kwa hiari, mtu akitaja namba yake ya NIDA na kuweka elfu mbili au tatu hadi mchango utimie, hakuhitaji muujiza. Pingamizi lipo na nalikubali kwa nusu. Mtu akiona bima inatoka kwenye mashine ileile ya ushuru, ataihesabu kuwa ushuru, na ushuru haupendwi. Pia anayeshika mashine leo anaweza kuhamishwa kesho na deni la imani akaliacha pale. Ndiyo maana nasema kwa hiari na kwa risiti yenye jina la mchangiaji, si kukata kila ndoo kimyakimya. Ukikata ndoo, atakayeumia ni mwanikaji, wakati mwenye mtumbwi anamhamishia mzigo kwenye bei.

Kalenda ya pili ni ya zahanati, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. CHF ilikuwa na kitu kiitwacho tele kwa tele: wananchi wakichangia shilingi, serikali inaongeza shilingi. Kwa maneno ni mpango mzuri ajabu. Kwa vitendo, shilingi ya pili ilichelewa au haikufika, kwa sababu kuiomba kulihitaji madaftari, mihtasari na saini ambazo mganga mfawidhi wa zahanati, aliyebaki zamu na muuguzi mmoja, hakuwa na saa za kuziandaa. Zahanati ilihudumia wenye kadi kwa dawa zilezile chache, dawa zikaisha, na mwenye kadi akakutana na sentensi ambayo kila mtu wa Kanda ya Ziwa ameisikia: kadi yako iko hai, mama, ila dawa hamna. Anaandikiwa kipande cha karatasi, anavuka barabara kwenda duka la dawa muhimu, anatoa pesa taslimu. Kuanzia siku hiyo anajua kadi ni nini.

Mambo yamebadilika tangu hapo, na haki isemwe. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kukaa halmashauri. MSD, taasisi ya serikali inayosambaza dawa, ina bohari ya kanda hapa Mwanza, na dawa ikikosekana huko kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa. Lakini vyote hivi vinadai kitu kimoja, kwamba akaunti ya kituo iwe na fedha wiki ambayo dawa inaisha. Bima inageuza utaratibu mzima. Zamani zahanati ilipata dawa kisha ikatibu. Chini ya bima inatibu kwanza, inaandika madai, kisha inasubiri kulipwa. Hospitali kubwa yenye wahasibu na akiba inaweza kuvumilia miezi miwili. Zahanati ya kisiwa cha Ukara haiwezi. Deni la milioni mbili linalochelewa siku sitini ni rafu tupu kwa siku sitini. Tuliona wenye nguvu walivyofanya: mwanzoni mwa 2024, NHIF ilipotangaza bei mpya za huduma, hospitali binafsi kadhaa zilitishia na nyingine zikasitisha kuwahudumia wanachama kuanzia 1 Machi, na taifa zima likasimama kusikiliza. Zahanati ya kijiji haina chama cha kugomea. Yenyewe hugoma kwa njia moja tu, nayo ni kukosa dawa, na mgomo huo hautangazwi redioni.

Hapo kuna tatizo la mabwana wawili ambalo sheria haijalimaliza. Sera na bima ziko Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Sekou Toure, iko wizarani. Bugando, iliyofunguliwa 1971 na inayopokea rufaa za kanda nzima, ni mali ya Kanisa Katoliki ikiendeshwa kwa ubia na serikali. Mgonjwa mmoja kutoka Kwimba anaweza kupita ngazi zote hizi kwa wiki moja, na madai yake yakapita kwenye meza zote hizo. Malipo yakichelewa, mganga mkuu wa wilaya atasema ni mfuko, mfuko utasema madai yalikuja na makosa, na mwenye makosa ni muuguzi aliyeyajaza saa mbili usiku kwa tochi ya simu. Mafahali wawili wanajulikana nyasi zao ni zipi.

Kalenda ya tatu ni ya umaskini. Sheria inasema wasio na uwezo watalipiwa na serikali, kwa fedha za vyanzo kama ushuru wa vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Sina ugomvi na vyanzo. Naona ni sahihi kwamba anayebeti Ulaya usiku achangie kumtibu bibi asubuhi. Ugomvi wangu ni orodha. Njia tuliyoizoea ya kujua nani maskini ni ile ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini: mkutano wa kijiji unapendekeza, kaya zinahojiwa, zinapewa alama, zinaingia kwenye daftari. Kwa kaya ya bibi anayelea yatima, daftari hilo linatosha, maana hali yake haibadiliki upesi. Ziwani umaskini hauji hivyo. Maharamia wakimvamia mtu usiku na kuondoka na injini, mwenye mtumbwi anaamka kibarua. Mvuvi anahama kutoka Kome kwenda Goziba kufuata samaki, na jina lake linabaki kwenye daftari la kijiji ambacho hajalala miezi minane. Daftari linalopitiwa baada ya miaka litamlipia aliyeinuka na kumwacha aliyeanguka jana, na kila mmoja mwaloni atajua, na imani itaondoka kwa kasi kuliko ilivyokuja.

Kuna wanaosema basi tuachane na michango ya sekta isiyo rasmi, tugharimie kwa kodi moja kwa moja. Hawa si wa kupuuzwa. Thailand ilifanya hivyo kuanzia 2002, watu wasio na ajira rasmi wakatibiwa kwa fedha za kodi na ada ndogo ya baht 30. Ghana ilianzisha mfuko wake 2003 na sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka kwenye nyongeza ya asilimia 2.5 iliyofanana na VAT, si kwenye michango ya wakulima. Naamini sisi nasi tutafika huko, tutake tusitake, kwa sababu gharama ya kumfukuzia mwanikaji mmoja elfu thelathini inakaribia elfu thelathini yenyewe. Ila kodi inatibu kalenda ya kwanza tu. Fedha ikishakusanywa kwa VAT bado inapaswa kufika Ukara kabla ya dawa kuisha, na hilo hata Thailand haitatufanyia. Tunao mfano wa nyumbani. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wamesamehewa kulipa kwa sera kwa miaka mingi sasa. Dirisha la wazee lipo, tangazo la kuwapisha limebandikwa, na mzee anapishwa kweli, kwa heshima zote, hadi mbele ya mfamasia ambaye hana dawa ya presha. Msamaha ulitangazwa bila fedha ya kuufuata.

Kwa hiyo ninapoona takwimu za usajili zikisomwa kwa shangwe, kaya kadhaa elfu leo, kaya kadhaa elfu wiki ijayo, huwa naziruka kama matokeo ya ligi nisiyoifuata. Usajili ni kazi rahisi kuliko zote. Mpe kijana tableti na posho, atakusajilia hadi waliokufa. Namba ninayoitaka ni ya siku: kutoka zahanati ilipotuma madai hadi fedha ilipoingia, kwa kila halmashauri, Ukerewe peke yake, Buchosa peke yake, si wastani wa mkoa unaopambwa na Nyamagana ya mjini. Namba ya pili ni mara ngapi kwa mwezi mwenye kadi alirudishwa bila dawa. Zote mbili zinaweza kutolewa kwenye mifumo iliyopo vituoni, na ubao wa matangazo wa kamati ya zahanati una nafasi, kwani sasa hivi umejaa kalenda za miaka iliyopita. Wajumbe wa kamati hizo ni wanakijiji. Wanajua kusoma siku.

Na kama namba hizo zitakuwa mbaya mwaka wa kwanza, ni afadhali zibandikwe hivyo hivyo. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea watu wa Sengerema kusubiri kivuko wakiwa na mgonjwa garini, na hakuna aliyehitaji kuelimishwa faida yake. Walivuka siku ya kwanza. Ukerewe bado ni meli, na mgonjwa wa Nansio anayepewa rufaa usiku anasubiri asubuhi, bima iwepo isiwepo. Mwanikaji wa Ilemela, nilipomwona tena mwezi uliofuata, giza lilikuwa limeingia na chanja zimejaa. Mjukuu alikuwa amepona, kwa dawa ya kununua. Kadi alikuwa bado hajaihuisha. Alisema anasubiri kwanza asikie kama zahanati imepokea mzigo.